Chuo cha Mchanga

Msomaji mpenzi, neno moja laweza kumchekesha mtu barazani kisha likamkosesha usingizi usiku. Neno lililonikosesha usingizi mimi ni "chuo".

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa tumeketi barazani Likoni, kahawa tungu imekwisha miminwa na kashata ziko sahanini. Pamoja nasi alikuwapo mtoto wa ndugu yangu, aliyekuja likizo kutoka Marekani anakofanya kazi. Wazee walimuuliza khabari za huko, naye, kama walivyo vijana, akaingia katika mpira. Akatueleza kuwa mpira wa kule si huu wetu wa miguu. Wao huushika kwa mikono, una umbo la yai, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu kama waendesha pikipiki. Kisha akanigeukia akasema, "Ami, kule mchezaji wa kulipwa hujulikana kwa chuo alichotoka. Ukimtazama tu anavyocheza, wajua huyu ni wa chuo fulani."

Mzee mwenzetu mmoja, aliyesomesha Kurani kwa miaka mingi, akaweka kikombe chake chini. "Chuoni wacheza mpira?" akauliza. "Na mwalimu yuko wapi?"

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kwani sisi watu wa pwani, chuo ni kule mtoto anakopelekwa na ubao wake kujifunza alifu na be. Kijana wetu alikusudia chuo kikuu. Lakini kicheko kilipotulia, yule mzee alisema jambo ambalo sote tulilinyamazia. "Basi hilo halina ajabu," alisema. "Hata mimi, mtu akinisomea aya tatu namjua amesomea wapi."

Na ni kweli. Kila aliyesoma chuoni anajua kuwa sauti ya mwalimu haimtoki mwanafunzi. Pale mwalimu alipozoea kuvuta pumzi, mwanafunzi naye huvuta. Herufi aliyoitamka kwa uzito, mwanafunzi ataitamka hivyo hivyo hata akiwa na mvi. Mimi mwenyewe nimekwisha pita miaka 50, na ninaposoma peke yangu alfajiri namsikia marehemu mwalimu wangu ndani ya koo langu. Wazee wetu walitufundisha kuwa elimu ya utotoni ni kama nakshi juu ya jiwe. Nakshi waweza kuipaka chokaa ikafichika, lakini chokaa ikibambuka, nakshi iko pale pale.

Usiku ule nilijiuliza: kama msomaji ana chuo chake, na mchezaji wa Marekani ana chuo chake, je, kijana wetu wa Likoni achezaye mpira chuo chake ni kipi? Jawabu sikulipata kitabuni. Nililipata siku ya pili yake, nilipoteremka Shelly Beach.

Lakini kabla sijafika huko, nimalize kwanza ya Marekani, kwa sababu yatatufaa mbele.

Katika mpira wao, kila upande una watu 11 uwanjani, na mmoja kati yao wamwita kwotabeki. Huyu ndiye nahodha wa chombo. Mpira unapoanza hupewa yeye, na maadui wanamjia mbio kumwangusha. Ana muda wa kama sekunde tatu tu kuchagua: ampe mwenzake aliye karibu, aurushe mbali, au akimbie nao mwenyewe. Na mchezaji haruhusiwi kuingia ligi ya kulipwa mpaka ipite miaka mitatu tangu kumaliza shule ya sekondari. Kwa hivyo karibu wote hupitia chuo kikuu, wakafundishwa na mwalimu wa huko kwa njia yake. Wanapofika kwa waajiri, mkono umekwisha zoea.

Chukua mfano wa Patrick Mahomes. Alisoma chuo cha Texas Tech, ambako mwalimu wake, Kliff Kingsbury, alipenda mchezo wa kurusha mpira kila mara na kuwatawanya wachezaji upana wote wa uwanja. Mnamo Oktoba 2016, katika mechi moja dhidi ya chuo cha Oklahoma, Mahomes alirusha mipira 88 ikasafiri yadi 734, na timu yake ikashindwa vilevile kwa pointi 66 kwa 59. Wajuzi wa ligi ya kulipwa wakatikisa vichwa. Walisema huo ni mpira wa vyuoni na hautafaa kwa watu wazima. Tena kijana huyu alikuwa mtoto wa mchezaji wa besiboli, na alirusha kwa pembe za ajabu, mara mkono uko juu, mara uko ubavuni, jinsi ambavyo kitabu cha mafunzo hakisemi.

Mwaka 2017 timu ya Kansas City ilimchukua. Mwalimu wake mpya, Andy Reid, alimkalisha karibu mwaka mzima nyuma ya mchezaji mkongwe ili atazame na kujifunza, lakini hakumvunja mkono wake. Mwaka 2018 akapewa usukani, akatoa pasi 50 za kufungia, akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Baada ya hapo timu hiyo ilitwaa ubingwa katika fainali za mwaka 2020, 2023 na 2024. Yale waliyoyaita ya kitoto ndiyo yaliyowashinda wakubwa.

Sasa twende pwani.

Ukivuka feri kutoka kisiwani ukashika mkono wa kushoto, njia itakupeleka hadi Shelly Beach, pwani iliyo karibu zaidi na mji kwa upande wetu wa kusini. Wageni waijua kwa kuogelea. Vijana wa Likoni waijua kwa mpira. Hapo hapana chokaa ya kuchorea mistari wala nguzo za goli. Nguzo ni ndara mbili au vijiti viwili, na mstari ni pale wote watakapokubaliana, jambo ambalo si jepesi.

Uwanja huu hufunguliwa na kufungwa na mwezi. Msomaji wa bara huenda asinielewe, lakini mvuvi anielewa vyema. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku za bamvua, maji huwa yamejaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Tofauti baina ya kujaa na kupwa siku hizo yaweza kupita mita 3. Basi kijana akitoka msikitini baada ya alasiri siku ya mwezi mosi au mwezi 15, uwanja hauko. Pale alipofunga goli juzi pana mawimbi. Siku za maji mafu, mwezi saba au nane, na tena mwezi 21 au 22, mambo hugeuka. Maji hupwa jioni, na mchanga unakuwa wazi mpaka karibu na magharibi. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hivyo vijana hawa, hata wasiokuwa na kalenda ukutani, waijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu kwa sababu ya mpira.

Nilikaa juu ya mwamba nikawatazama, na kila nilivyozidi kutazama ndivyo nilivyozidi kuona darasa.

Kwanza, uwanja wenyewe ni wa aina mbili ndani ya mmoja. Ukanda ulio karibu na maji una mchanga mgumu uliolowa, na mpira hukimbia juu yake kama juu ya saruji. Ukanda wa juu una mchanga mkavu, na mpira ukianguka hapo hukaa pale pale kama jiwe. Basi anayecheza upande wa baharini hujifunza kukimbia na mpira chini, na anayecheza upande wa minazi hujifunza kuunyanyua. Huyu wa pili hana la kufanya. Pasi ya chini haifiki, kwa hivyo huingiza kidole chini ya mpira, akaupandisha gotini, kifuani, kichwani, akampa mwenziwe hewani. Kumvika mtu kanzu, yaani kuupitisha mpira juu ya kichwa chake ukaupokea nyuma yake, kwingine ni madaha. Hapa ni njia ya kupita.

Pili, pana upepo. Pwani hii yatazama mashariki, na uwanja umelala kaskazini na kusini. Wakati wa kusi, upande mmoja hupigana na upepo nusu nzima ya mchezo. Mpira wa juu humrudia aliyeupiga. Hapo mtoto hujifunza kuupinda, au kuungoja upepo upungue ndipo apige.

Tatu, goli halina mwamba wa juu. Ukipiga juu ya magoti patakuwa na ugomvi, huyu asema umepita juu, yule asema umeingia. Kwa hivyo mfungaji mwenye akili hufunga chini, kwa utaratibu, mahali ambapo hapana wa kubisha. Na anayepiga hovyo mpira ukaingia baharini, yeye ndiye anayeufuata.

Nne ni miguu. Mwaka 1998 wataalamu wa Ubelgiji walipima wakaona kuwa mtu akimbiaye juu ya mchanga hutumia nguvu kama mara 1.6 ya zile atumiazo juu ya ardhi ngumu. Vijana wa Shelly Beach hawajasoma kipimo hicho, lakini miguu yao yakijua.

Nikasema moyoni, hiki ndicho chuo chao. Hakina mwalimu mmoja mwenye bakora. Maji, upepo na mchanga ndio walimu, na walimu hawa hawampendelei mtu.

Lakini ndugu msomaji, chuo hiki kina jeraha lake, na jeraha hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yuko kijana mmoja wa mtaa wetu ambaye sitamtaja jina. Tangu akiwa na miaka 12 tulikuwa tukisimama kumtazama. Alikuwa na utulivu ambao sijui kuueleza. Mpira ukimfikia, wote waliokuwa wakikimbia walikuwa kama wamepunguza mwendo, na yeye yu pale kati akichagua ampe nani. Kama angezaliwa Marekani wangemfanya kwotabeki. Alipofika miaka 19 alipata nafasi ya kwenda bara kujaribiwa na timu moja. Mamake aliuza alichokuwa nacho cha kuuza akamnunulia viatu vya mpira. Alipanda basi la usiku, nasi tukamsomea dua.

Siku ya tatu alikuwa amerudi.

Nilimkuta peke yake juu ya mwamba wa Shelly Beach, viatu vipya viko kando. Nilimsalimu, akaniitikia kwa adabu, kisha akanyamaza. Baadaye akanieleza. Uwanja wa huko ulikuwa wa majani yaliyokatwa vizuri. Mpira ulikuja mbio kuliko alivyozoea. Alipotaka kutoa pasi, mguu wake uliingia chini ya mpira kama uingiavyo mchangani, mpira ukaruka juu bure. Alipoupata tena, alitulia nao kama alivyozoea, na kabla hajachagua, beki amekwisha mnyang'anya. Baada ya nusu saa aliitwa nje. Mwalimu hakumtukana. Alimwambia tu kuwa ana mpira wa baharini, na kuwa kumfunza upya ni kazi kubwa, nao hawana wakati.

"Mzee," kijana akaniambia, "mchanga umeniharibu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko angalisema ameibiwa. Mtu aliyeibiwa mali ataitafuta nyingine. Lakini kijana aonaye kuwa kwao ndiko kulikomharibu, huyo ameibiwa kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Je, ni kweli mchanga umemharibu? Nimelifikiria sana jambo hili, na nisingependa kulijibu kwa mapenzi ya nyumbani tu. Kwanza nikubali haki ya yule mwalimu. Juu ya majani mpira haumngoji mtu. Mchanga humfundisha mtoto kuutawala mpira, lakini haumfundishi kuuacha haraka, kwa sababu mchangani adui naye anazama na hafiki upesi. Haumfundishi kujipanga na wenzake 10 kwa muda wa dakika 90, kwani mpira wa pwani mara huchezwa watu watano kwa watano, mara kumi kwa wanane. Na haumfundishi kuvaa viatu. Haya ni mapungufu ya kweli, na kuyaficha ni kumdanganya mtoto wetu.

Mafunzo hayo wenzetu huyapata shuleni. Tazama shule ya Kakamega, ambayo timu yake, Green Commandos, imetwaa ubingwa wa shule za sekondari za Kenya mara nyingi. Mtoto akiingia pale hupata mwalimu wa mpira, uwanja, ratiba, na kila mwaka mashindano ya kaunti, kanda na taifa, kisha ya Afrika Mashariki. Tazama shule ya Kamukunji kule Nairobi, walikosomea ndugu wawili, McDonald Mariga na Victor Wanyama, watoto wa Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010. Wanyama alifunga goli la kichwa Celtic ilipoishinda Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, na mwaka uliofuata akawa Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Wote wawili walikuwa viungo wa kati, wenye kifua cha kupokonya mpira na kuutoa bila kuchelewa. Kazi hiyo haifundishwi na bahari.

Lakini kukosa kitu si kuharibika. Mtoto aliyetoka chuoni akaingia shule ya serikali hakuambiwa asahau alifu ndipo afundishwe "a". Alijifunza ya pili juu ya ile ya kwanza, na wengi waliowahi kuhifadhi chuoni waliwapita wenzao shuleni kwa wepesi wa kukumbuka.

Hapa ndipo namrudia kijana wetu wa Marekani, kwa kuwa kisa alichonipa siku nyingine ndicho kilichonifumbua macho. Yuko kwotabeki aitwaye Lamar Jackson, aliyesoma chuo cha Louisville na kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2016. Chuoni alizoea kukimbia na mpira mwenyewe kama alivyozoea kuurusha. Alipotaka kuingia ligi ya kulipwa mwaka 2018, walikuwapo wajuzi waliosema aache nafasi hiyo, awe mpokeaji tu, kwani kwotabeki mkimbiaji si kwotabeki. Timu nyingine zilimpita mpaka akachaguliwa wa 32. Lakini Baltimore iliyomchukua haikumwambia asahau chuo chake. Walimu wake waliupanga mchezo mzima upya kufuatana na miguu yake. Mwaka 2019 alikimbia yadi 1,206, ambazo hakuna kwotabeki aliyewahi kuzifikisha kwa msimu mmoja, na kura zote za mchezaji bora zikamwendea yeye. Mwaka 2023 akaipata tuzo hiyo tena.

Basi tofauti ya Jackson na kijana wetu ni nini? Sisemi kipaji, kwani vipaji hugawa Mungu naye ndiye ajuaye alivyogawa. Tofauti ni kuwa Jackson alimpata mwalimu aliyeuliza, "Huyu amefundishwa nini, nami nitakitumiaje?" Kijana wetu alimpata aliyeuliza, "Huyu hajafundishwa nini?"

Na asiseme mtu kuwa mfano wa mpira wa mikono haufai kwa mpira wa miguu. Huku nako upo. Brazil walikuwa na mchezaji aitwaye Júnior, aliyekulia katika mpira wa mchangani pale Copacabana. Aliichezea Flamengo, akacheza Kombe la Dunia la mwaka 1982 na la 1986, na waliomwona wanajua alivyoushika mpira kana kwamba una gundi. Alipoacha majani alirudi mchangani akawa nyota wa soka la ufukweni. Mchanga haukumharibu. Alipata mtu wa kumvalisha viatu bila kumkata miguu.

Soka hilo la ufukweni nalo limekuwa mchezo wenye sheria zake. Huchezwa watu watano kila upande, miguu mitupu, kwa vipindi vitatu vya dakika 12. Shirikisho la dunia lilianzisha Kombe la Dunia la mchezo huo pale pale Copacabana mwaka 2005. Mwaka 2021 Tanzania na Uganda zilicheza fainali za Afrika nchini Senegal. Uganda, ndugu zangu, nchi isiyokuwa na bahari! Kenya nayo ina timu ya taifa ya mchanga, lakini sisi wenye pwani ndefu tungepaswa kuwa walimu wa wengine katika mchezo huu.

Wala si kwamba pwani haikuwahi kuwa na jina katika mpira wa majani. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na mwaka 1965 ubingwa wake ulitwaliwa na Feisal ya Mombasa. Wazee wanaokumbuka enzi hizo watakutajia akina Ali Kajo na Ahmed Breik, vijana wa hapa waliovaa jezi ya Kenya. Zaidi ya miaka 50 imepita na ubingwa huo haujarudi Mombasa. Bandari ilijitahidi, ikashika nafasi ya pili msimu wa 2018 na 2019, na ikatwaa ngao mwaka 2015 na 2019. Lakini mtu akitazama timu ya taifa leo akawatafuta watoto wa pwani, atahesabu kwa vidole na vidole vitabaki.

Nina maneno matatu ya kusema, na nitayasema kwa wanaohusika.

La kwanza ni kwa walimu wa mpira. Kijana akija na mpira wa baharini, mpeni miezi kabla hamjampa hukumu. Kumfundisha aachie mpira mapema ni kazi ya msimu mmoja. Kumfundisha mwingine utulivu ule alio nao huyu, maisha hayatoshi.

La pili ni kwa wazazi na walimu wa shule zetu, za dini na za serikali. Wako wazee wenzangu wanaoona mpira ni adui wa chuo, na nawaelewa, kwani nimeona watoto walioutupa ubao kwa ajili ya gozi. Lakini uwanja wa Shelly Beach una adabu yake. Jua likizama hakuna anayeuona mpira, na adhana ya magharibi huwakuta vijana wakinawa miguu. Tukiwaandalia mwalimu na saa maalumu, tutakuwa tumewalinda na vijiwe vya mihadarati ambavyo sote twavijua na ambavyo havina adhana wala magharibi. Kila shule ya sekondari ya upande huu wa kivuko na iwe na mtu anayeujua mpira, atakayewapokea hawa wa mchangani na kuwaongezea wasichonacho.

La tatu ni kuhusu pwani yenyewe. Kila mwaka kuta huongezeka, na vichochoro vya kushukia baharini vikawa vyembamba. Zamani mtoto wa Likoni aliteremka popote. Siku hizi kuna mahali lazima azunguke mbali ndipo aufikie mchanga ambao babu yake aliuona wa watu wote. Sina ugomvi na mwenye kiwanja chake cha halali. Nasema tu kuwa njia ya kwenda baharini ikizibwa, hatutapoteza mahali pa kuogelea peke yake. Tutakuwa tumefunga chuo, na wanafunzi wake hawana ada ya kulipa kwingine.

Nilirudi Shelly Beach wiki iliyopita, mwezi nane, maji yakiwa yamepwa. Yule kijana yuko. Asubuhi anafanya vibarua, jioni anawafundisha watoto wadogo. Viatu vyake amewapa wavae kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, ili waizoee sauti yake. Amewachorea mstari mrefu kwa kijiti. Juu ya mstari, kwenye mchanga mkavu, mtoto yuko huru kuuchezea mpira apendavyo. Akivuka mstari kuja kwenye mchanga mgumu ulio karibu na maji, ana ruhusa ya miguso miwili tu. Wa tatu, anatoka nje.

Nikamwuliza sheria hiyo ameitoa wapi. "Kule walikonitoa, ami," akasema akicheka. "Niliyoyakosa kule, hawa watayapata huku huku."

Nilikaa mpaka maji yakaanza kurudi. Wimbi la kwanza lilipofuta ule mstari, mtoto mmoja alikuwa amekwisha okota kijiti ili auchore tena juu zaidi. Nami nikaondoka na ubeti huu mdomoni:

Maji yajaa na kupwa, uwanja hurudi tena,
Mafunzo uliyopewa, hayafutiki kijana,
Pasi ikicheleweshwa, hasara kubwa huona,
Chuo chetu cha mchanga, tusikiache kuzama.